Ngozi ya Nani

Mtu wa kwanza kumshukuru Inspekta asubuhi ile alikuwa amelazwa kitandani akisubiri kukatwa pua.

Inspekta mwenyewe hakuja kwa ajili yake. Alikuja hospitali kurudisha kompyuta ya kliniki ya ngozi, ile iliyopitishwa dirishani na mwizi, naye Inspekta akaifukuzia kibanda kwa kibanda mpaka akaikuta kwa fundi wa simu, imepakwa rangi mpya na kufutwa kila kilichokuwa ndani. Mwizi alikuwa mahabusu na alikwisha kukiri. Kilichobaki ni Daktari wa kliniki kutia saini kwamba mali yake imemfikia, kisha jalada liende mahakamani. Inspekta aliihesabu kuwa kazi ndogo. Hata kofia hakuvua.

Muuguzi ndiye aliyemzuia mlangoni. Alisema kuna mgonjwa wodini anaomba kumwona afande aliyeipata kompyuta, na ni heri aende sasa hivi, maana mchana mgonjwa huyo ataingizwa chumba cha upasuaji.

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ualbino, mwembamba, ameketi wima juu ya shuka na kofia yake ya ukingo mpana ameilaza magotini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na mtaani walimwita Fundi Saa tangu zamani, mpaka jina hilo likalimeza lile alilopewa na wazazi. Ubavuni pake alikaa dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akimpepea kwa kanga ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Inspekta aliwaamkia, akaitikiwa, akavutiwa kiti. Fundi Saa akamweleza kisa chake bila kujihurumia. Kidonda kilimtoka puani, kikapimwa, kikaonekana ni saratani ya ngozi. Badala ya kisu, Daktari alimtibu kwa mwanga: anapakwa krimu, anangoja iingie ndani ya ngozi, kisha anawekwa chini ya taa nyekundu inayoziua seli mbaya na kuziacha nzuri. Alipitia tiba hiyo mara mbili. Kila baada ya tiba hawakumkata kinyama cha kupima, bali waliigusisha ngozi yake na mashine inayopiga picha za ndani, chini ya pale jicho linapofika. Picha za mwisho alipigwa siku ileile ambayo usiku wake kompyuta iliibwa.

Mtaalamu wa kompyuta wa polisi alifanikiwa kuziokoa picha hizo, zikapelekwa kwa bingwa wa kuzisoma anayekaa mji mwingine, na majibu yakarudi kuwa saratani ipo tena. Walikuwa wamekubaliana na Daktari mapema kwamba ikirudi baada ya mara mbili, hakuna tena taa, ni kisu. Wangetoa kipande cha pua na kuziba pengo kwa ngozi ya paji la uso.

"Bila wewe, mwanangu, ningekaa dukani najidanganya nimepona," Fundi Saa alisema. "Ugonjwa ungekuwa unanila chini kwa chini. Nimeona nisiende huko ndani kabla sijakushukuru."

Dada yake akaacha kupepea. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu anayeshukuru kwa kukatwa pua. "Huyu hata mwizi akimwibia nyumba nzima akamwachia viatu, atamfuata barabarani amshukuru kwa viatu."

Wote wakacheka, na Fundi Saa akacheka kuwashinda. Inspekta akajibu kwamba yeye alifanya wajibu wake tu. Alikuwa amekwisha kusimama alipouliza swali moja, kwa sauti ya kuaga. Kama mwizi alifuta kila kitu, majina nayo yalifutika. Sasa hospitali ilijuaje kwamba picha zile ni zake?

Fundi Saa akamtazama dada yake. Dada akamtazama Inspekta. Hakuna kati yao aliyewahi kufikiri kwamba hilo ni swali.

Inspekta akavua kofia.

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa ukumbi, kidogo, chenye kiti kimoja cha kulalia na mashine iliyofunikwa shuka. Aliyekisimamia aliitwa Mpiga Picha na kila mtu pale, mwanamke mtulivu aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi. Inspekta alianza kwa kumwomba radhi kwa kumpotezea muda. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Wenzake kituoni walisema ukisikia Inspekta anaomba radhi, ujue mambo yamekwisha kuharibika.

Aliomba kupigwa picha palepale, aone mashine inavyofanya kazi. Mpiga Picha akafunua shuka na kumwonyesha kichwa cha mashine, kile kinachogusishwa kwenye ngozi. Lenzi yake ilikuwa imepasuka katikati. Mwizi alipokuwa akivuta nyaya aliking'oa kikaanguka sakafuni, na kipya kilikuwa bado hakijafika. Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyeweza kupigwa picha upya.

"Basi nieleze zile zilizookolewa," Inspekta alisema.

Zilikuwa za watu wawili. Asubuhi ya siku ile ya wizi, waliopangiwa picha baada ya tiba ya mwanga walikuwa wawili tu: Fundi Saa kwa pua yake, na mwanamke mmoja dereva, mwenye ugonjwa kwenye muundi wa mguu. Picha za kawaida, ambazo mtu yeyote angeona hii ni pua na huu ni mguu, zilipotea kabisa. Zilizopona ni za ndani ya ngozi, na hizo hazina pua wala mguu. Ni vivuli vyeupe na vyeusi, mafungu mawili. Fungu la kwanza lilionyesha ugonjwa. La pili lilikuwa safi.

Inspekta akauliza nani aliyeyapa mafungu hayo majina.

Mpiga Picha hakukwepa. Ni yeye. Miadi ya Fundi Saa ilitangulia, ya dereva ikafuata, naye huwaita wagonjwa kwa kufuata miadi. Fungu la kwanza akalipa jina la Fundi Saa, la pili akalipa la dereva. Alipoulizwa kama anamkumbuka kwa macho yake Fundi Saa akiingia wa kwanza, alivaa miwani, akaivua.

"Nyuso nazikumbuka zote mbili," alisema. "Ipi ilitangulia, hapana. Mlango ukifunguka mimi huwa nimeinamia kompyuta, nasema tu anayefuata aingie."

Inspekta akatoka ukumbini akampigia simu mtaalamu wa kompyuta kituoni. Alitaka kujua kama inawezekana mwizi aliyachanganya mafungu, la pili likawa la kwanza. Mtaalamu akasema hilo halipo. Saa ya kompyuta haikuguswa, na kila picha imebeba muda wake. Mlango huo ukafungwa. Inspekta hakusikitika. Sasa alijua kitu kimoja kwa hakika, kwamba fungu lenye ugonjwa ni la mtu aliyeingia kwanza. Kompyuta iliweza kuapa kuhusu kilichotangulia. Nani alitangulia, haikumwona.

Akarudi wodini. Safari hii hakuuliza moja kwa moja, kwa kuwa shahidi ukimtajia jibu hulishika kama ngao. Alimwomba Fundi Saa amsimulie siku ile ya picha tangu alipoingia langoni, alikaa wapi, aliona nini.

Fundi Saa akasimulia kama mtu anayefungua saa, skrubu baada ya skrubu. Alifika mapema, akakaa kwenye benchi la nje ya chumba, peke yake. Mara akaja mwanamke mmoja anahema, suruali ameikunja mguu mmoja, akasimama badala ya kukaa. Wakasalimiana. Mama huyo akamwambia ameacha lori lake la maji langoni na mlinzi amembebea rungu, hajui kama atalikuta. Fundi Saa alimwonea huruma.

"Nikamwambia mama tangulia wewe. Mimi saa zangu dukani zimeshakufa, hazina haraka ya kufufuka. Akaingia. Alipotoka nikaingia mimi."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

"Nimwambie nani? Kumpisha mtu nalo ni la kutangaza?"

Dada mtu alikuwa ameshika kanga mdomoni. Fundi Saa mwenyewe bado hakuwa ameelewa. Inspekta hakumweleza, maana shahidi mmoja ni shahidi mmoja, tena huyu ndiye mwenye pua. Akashuka ngazi mpaka langoni.

Mlinzi alihitaji kukumbushwa kidogo tu kisha akawaka kama jiko. Alilikumbuka lori. La buluu, limeandikwa nyuma *Kiu Haina Bosi*, limezuia lango la magari ya wagonjwa asubuhi yote kama lango la baba yake. Dereva ni mwanamke, hana simile, alimrushia ufunguo akasema akiona gari la mgonjwa alisogeze lori mwenyewe. Inspekta akauliza kama siku ile aliona mtu mwenye ualbino aliyevaa kofia pana. Mlinzi akasema anamfahamu, ndiye anayemtengenezea saa. Na alipotoka yule mzee, lori lilikuwa limekwisha kuondoka?

"Zamani, afande. Mama kaondoka, mimi nikanywa chai, nikamaliza, ndipo Fundi akapita tukaagana."

Mashahidi wawili ambao hawakukaa pamoja walikuwa wamesema neno moja. Lakini Inspekta alijua jinsi mahakama inavyowapenda mashahidi wa macho, na jinsi mawakili wanavyowapenda zaidi. Alitaka picha yenyewe iseme. Akamwomba Mpiga Picha namba ya bingwa, akafunga mlango wa chumba cha picha, wakaweka simu mezani wasikie wote wawili.

Bingwa alikuwa mtu wa sauti ya upole na maneno machache. Inspekta akamwomba afungue fungu lile lenye ugonjwa.

"Nikikuficha jina," alimwambia, "ukaziangalia picha hizi tu, ungeniambia nini kuhusu mwenyewe?"

"Saratani imeanza kurudi. Hilo halina ubishi."

"Ukiuacha ugonjwa pembeni. Mtu mwenyewe."

Ilikuwa dhahiri hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walisikia akibonyeza, akibonyeza tena. Kisha akaanza kueleza polepole. Ngozi yenye afya kwenye mashine hii huonekana kama sega la nyuki, vyumba vidogo vimepangana bila kupishana. Hapa, mahali pamoja, sega limevurugika, na huo ndio ugonjwa. Lakini chini kidogo ya sega kulikuwa na kitu kingine. Pete. Vijiduara vinavyong'aa, safu kwa safu.

"Kinachong'aa hapo ni rangi ya ngozi," alisema. "Ngozi nyeusi ndiyo inayotoa pete kali namna hii. Huyu ni mtu mweusi, tena mweusi hasa."

"Jina uliloandikiwa ni la mtu mwenye ualbino."

Mpiga Picha akaiinamia simu kuona kama imekatika. Haikukatika. Bingwa aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. Alisema yeye hawaoni wagonjwa, anatumiwa jina na mahali pa ugonjwa tu. Aliandikiwa pua. Alishangaa kidogo kutoziona tezi za mafuta ambazo pua imejaa tele, akadhani mwanga umeziunguza, akapita.

"Si pua hii," alisema. "Na wala si mtu huyo. Msimguse. Na wewe afande, asante kwa kuuliza. Nakwambia asante kwa moyo wote."

Daktari alikuwa ameanza kunawa. Inspekta hakuruhusiwa kuingia, akampa muuguzi ujumbe wa maneno matatu, picha si zake, na Daktari akatoka mikono ikichuruzika maji mpaka viwikoni. Alisikiliza yote amesimama. Mpiga Picha alisema kosa ni lake. Daktari akamwambia lawama zitakuwa na siku yake, leo tuna wagonjwa wawili. Akaagiza upasuaji usimame. Kisha akaketi kwenye kiti cha wanaosubiri, kile cha plastiki, akavuta pumzi mara kadhaa kama aliyepanda ngazi nyingi.

Wakaenda pamoja kumweleza Fundi Saa. Daktari ndiye aliyesema, kwa lugha nyepesi, bila kujitetea: picha zenye ugonjwa si zake. Zake ni zile safi. Hatakatwa.

Dada yake alianza kulia kabla sentensi haijaisha. Alilia huku akimpiga mdogo wake begani kwa kofi dogo dogo. Inspekta alitegemea kuona uso wa mtu aliyerudishiwa pua yake. Aliona kweli furaha ikipanda, ikafika machoni, kisha ikasimama hapo.

"Na yule mama?" Fundi Saa aliuliza. "Yule wa lori. Yeye mlimwambia nini?"

"Tulimwambia amepona," Daktari alisema.

Fundi Saa akaiweka kofia kitandani. Alisema basi hatakwenda nyumbani mpaka mama yule apatikane; mtu hawezi kula furaha ambayo ni kilio cha mwenzake. Dada akamwambia asubiri nyumbani kama watu wengine. Hakumsikiliza.

Simu ya dereva haikupatikana. Inspekta akaenda nyumba aliyoandikisha, akaambiwa na wapangaji kwamba alihama, hawajui wapi. Lakini lori halihami kimyakimya. Lori la maji lazima lijazwe, na mjini kulikuwa na kisima kimoja kikubwa ambako malori yote yalipanga foleni. Inspekta hakulaza damu. Alifika jua limekwisha kupita utosini.

Kosa lake lilikuwa sare. Madereva walipomwona anauliza habari za lori la buluu, wote wakaugua usahaulifu kwa pamoja. Mmoja alisema Mama Maji, kwa kuwa ndivyo walivyomwita, ameacha kazi. Mwingine alisema amekwenda mkoani kuuguza shangazi. Wa tatu alisema shangazi mwenyewe keshakufa, hivyo huenda atachelewa zaidi. Inspekta aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru, kisha akawaambia ukweli: hakuja kukamata mtu, ametoka kliniki ya ngozi, na mwenzao ni mgonjwa bila kujua.

Yule aliyemuua shangazi akakuna kichwa, akanyoosha kidole nyuma ya tangi.

Mama Maji alikuwa amelala chali chini ya lori lake, anakaza bomba linalovuja. Alitoka kwa kujivuta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mweusi, mabega mapana, grisi mpaka shavuni. Aliposikia neno kliniki akacheka. Alisema wale aliwaaga vizuri, walimwambia amepona, na siku hiyo aliwanunulia madereva wote soda.

Inspekta akamwomba radhi. Akamweleza yote tangu mwizi mpaka pete zinazong'aa.

Mama Maji akakunja suruali. Kwenye muundi palikuwa na kovu la zamani, lililotokana na ekzosi ya pikipiki alipokuwa msichana, na ndani ya kovu hilo ndimo ugonjwa ulimoanzia miaka mingi baadaye. Sasa ngozi ilikuwa laini, haina kidonda, haina ukoko. Aliipapasa kwa kidole chenye grisi.

"Mbona haina kitu?"

"Kwa macho haina," Inspekta alisema. "Ndiyo sababu walikupiga picha."

Mama Maji aliendelea kupapasa. Wenzake walikuwa wamejisogeza wakijifanya wanakagua matairi. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya kumrushia mlinzi ufunguo.

"Wezi wote wa mji huu umewaacha, ukanitafuta mimi kwa ajili ya kovu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Mungu akupe umri." Akafuta mikono kwenye suruali. "Yule mzee aliyenipisha, ameshakatwa?"

Inspekta akamwambia hakukatwa. Mama Maji akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na hapo ndipo machozi yalipotoka kweli. Dereva mmoja akaokota spana yake, akaingia chini ya lori kumalizia bomba.

Bingwa alikuja mwenyewe kesho yake, ameendesha gari tangu alfajiri, na mashine yake ndogo ya kushika mkononi ameifunga mkanda kwenye kiti cha abiria kama mtoto. Alisema hatalala vizuri mpaka awaone watu wenye ngozi hizo. Fundi Saa akawa wa kwanza kulala kwenye kiti. Bingwa alidondosha tone la mafuta puani, akaigusisha lenzi, na picha ikajitokeza kwenye skrini: sega la nyuki lililofifia, lisilo na pete, kila chumba mahali pake. Alisogeza lenzi kona zote za pua, akateremka ndani kidogo kidogo. Hapakuwa na kitu kibaya.

Fundi Saa alisogeza uso mpaka karibu na skrini, maana macho yake ya mbali hayakuwa na nguvu, akatazama jinsi anavyotazama moyo wa saa. Alisema fundi aliyepanga vile vyumba ni fundi kweli.

Kisha muundi wa Mama Maji. Pete zikang'aa zilezile, na katikati ya kovu, sehemu ndogo kama kucha ya kidole cha mwisho, sega lilikuwa limevurugika. Bingwa aliteremsha lenzi, akaiteremsha tena, akamwita Daktari atazame. Walizungumza kwa sauti ya chini. Daktari akamgeukia mgonjwa.

"Upo juu juu tu. Haujazama. Ungekaa miezi bila sisi kujua, tungekuwa na maneno mengine. Leo mwanga unatosha."

Mama Maji akaomba arudiwe maneno hayo. Daktari akamrudia. Akamshukuru Daktari, akamshukuru Bingwa, akamshukuru Mpiga Picha, ambaye alikuwa amesimama pembeni hajui aweke wapi mikono, na Mpiga Picha akamshika bega. Inspekta alitiliwa saini yake siku hiyo, hati ikiwa imekunjika kwa kukaa mfukoni, na kazi yake pale ikawa imekwisha kisheria.

Alirudi hata hivyo siku ya taa. Alisema alikuwa anapita.

Fundi Saa alikuwepo, na haikuwa siku yake ya kliniki. Alivaa kofia yake na shati la mikono mirefu, akaketi upande wa kichwa cha Mama Maji kama jamaa wa harusi. Krimu ilikuwa imekwisha kuingia. Muuguzi aliwagawia wote miwani ya giza, akaisogeza taa juu ya muundi.

"Niambie kweli," Mama Maji alimwambia Fundi. "Inauma?"

"Inauma. Anayekwambia haiumi hajawahi kulala hapo. Ni kama sindano nyingi zinazochomwa na mtu mmoja mwenye hasira." Akavuta feni ndogo karibu na mguu wake. "Mwanzoni ndiyo mbaya. Elekeza upepo hapa, usibane meno, na uongee. Mimi mara ya pili nilimhadithia muuguzi maisha yangu yote, akajua hata deni la bibi yangu."

Taa ikawaka. Chumba kikawa chekundu. Mama Maji alivuta pumzi kwa kishindo na kushika mkono wa kwanza aliouona, ambao ulikuwa wa Fundi Saa. Aliubana kwa nguvu za mtu anayefungua mabomba kila siku. Fundi akang'ata mdomo, hakuutoa.

"Ongea," alimwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote."

Akaanza kueleza jinsi alivyojifunza kuendesha lori, kwa sauti ya kukatika katika, akitukana kidogo, akiomba radhi, akiendelea. Alipofika mahali breki zilipomshinda kwenye mteremko, dada yake Fundi Saa, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akaingia kusikiliza mwisho wake. Inspekta naye akaegemea ukuta. Simu yake ilitetemeka mfukoni mara mbili, hakuitoa. Lori lilisimama salama kwenye shamba la mtu, kati ya mahindi, na mwenye shamba akataka alipwe kwa maji. Waliokuwa ndani walicheka mpaka muuguzi akawakumbusha kwamba mgonjwa hatakiwi kutikisa mguu.

Miezi ilipopita na lenzi mpya kufika, Mpiga Picha alimwita Mama Maji kwa jina lake kamili mlangoni, akamtazama usoni, akamwuliza jina tena, ndipo akamruhusu kuingia. Sasa alifanya hivyo kwa kila mtu. Picha zilipokelewa na Bingwa siku ileile. Pete zipo, sega limepangana pote, hakuna palipovurugika. Mpiga Picha alinyoosha mkono kuizima skrini ili amwite anayefuata, lakini Mama Maji alimwomba asubiri kidogo. Akasogeza kiti mbele, grisi bado kwenye kucha, akakaa kuitazama ngozi yake.